Gololi Ndani ya Mkanda

Kwenye gereji yetu mtu yeyote anayerudisha ovaroli anaitwa mstaafu. Yupo fundi rangi mmoja aliyestaafu baada ya wiki mbili, siku aliyoangukiwa na bampa. Kwa hiyo msinionee huruma mkisikia naitwa mstaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Nimefanya kazi hapa Same miaka tisa, karibu yote kwenye siti na mikanda ya magari madogo, na mwezi ujao nakwenda kufundisha chuo cha ufundi, mahali ambapo nasikia watu wanalipwa kwa kuuliza maswali. Mliniomba ukurasa mmoja wa kubandika juu ya benchi la mikanda. Nimejaribu, lakini ukurasa umekataa kuwa mmoja.

Sitaandika habari za vyeo. Kwetu vyeo ni viwili, fundi na anayeshika tochi, na nyote mmeshashika tochi.

Siku ya kwanza nilikuja na shati jeupe. Upepo wa Same mnaujua. Kufikia saa nne shati lilikuwa na rangi ya barabara. Fundi Eliamini, mwenye gereji, alikuwa chini ya gari, ikaonekana miguu tu. Nikaisalimia miguu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," miguu ikajibu. "Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo. Nimemaliza chuo kikuu, uhandisi mitambo."

"Hongera. Nipe spana namba kumi na tatu."

Nikampa. Ikarudi ikiteleza sakafuni kwa sababu ilikuwa kumi na mbili.

"Chuoni ulikaa miaka mingapi?"

"Minne."

"Ungeongeza mmoja."

Tangu siku hiyo akaniita Injinia, kwa sauti ile ile ambayo watu hutumia kumwita mtu mfupi Mrefu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua. Nilipewa beseni, kipande cha sabuni na mikanda kumi na mbili ya magari yaliyokuwa yakibeba tangawizi kutoka Mamba. Nilifua huku nikijiuliza ni somo gani chuoni lilinitayarisha kwa hili. Lakini kufua mkanda ni kazi ya fundi, nanyi mkitaka kuidharau, dharauni baada ya kujifunza. Maji yawe vuguvugu. Sabuni ya kawaida inatosha. Msitumie petroli, wala dawa ya kutoa madoa, kwa sababu zinakula nyuzi, na mkanda ulioliwa nyuzi unaonekana mzuri mpaka siku unapohitajika. Anikeni kivulini. Kisha upitisheni mkanda wote katikati ya vidole viwili, polepole, macho yakiwa yamefumbwa. Vidole vinaona ukingo uliochanika mapema kuliko macho. Nilibishia hilo mwaka mzima, nikapima, nikakuta ni kweli. Inakera mtu mwingine anapokuwa sahihi bila ushahidi.

Zana zangu hazikuwa nyingi. Mswaki uliochakaa, bisibisi ya nyota, tochi, na kijiko kirefu chembamba cha kuzolea vitu ndani ya kifungio, kile kinachopokea ulimi wa mkanda pembeni ya siti. Kifungio cha gari la familia ni ghala. Nimetoa humo punje za mahindi, maganda ya karanga, jino la mtoto, na mara moja hereni ambayo mwenye gari aliitazama kwa muda mrefu akasema si ya mke wake. Nilimshauri anunue kifuniko cha siti na nikarudi kwenye benchi.

Kile kidude kilichofichwa chini ya nguzo ya mlango, kinachoukunja mkanda na kuuachia, sisi tunakiita kobe, kwa kuwa anarudisha shingo ndani. Vitabu vina jina lake refu. Hakuna mteja aliyewahi kulitumia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wateja wa milimani walikuwa na lalamiko moja, na walilisema kwa neno moja. Awe ametoka Vudee, Chome au kule Ugweno, mtu aliingia gereji akasema, "Mkanda umegoma." Anakueleza kuwa asubuhi, nyumbani kwake, aliuvuta ukakataa kutoka hata shibiri. Sisi tukiuvuta pale kwenye uwanja wa gereji, ambao uko sawa kama sinia, unatoka bila tatizo. Mteja anaona aibu, kama mzazi aliyemkimbiza mtoto hospitali na homa ikashuka mlangoni.

Fundi Eliamini alikuwa na tiba yake, na tiba hiyo ilimpa jina kutoka Shighatini mpaka Gonja. Alifungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa kobe, akatoa gololi ndogo ya chuma, kubwa kidogo kuliko punje ya njegere, akafunga. Mkanda huo haukugoma tena maisha. Gololi aliidondosha kwenye kopo la majani ya chai lililokaa juu ya kabati, nayo ikalia *ting*, na mteja akatabasamu. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Watu walisafiri kwa ajili yake.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Shuleni mwalimu mmoja alinihamishia dawati la nyuma ili swali lichelewe kufika. Kwa hiyo niliuliza.

"Fundi, hii gololi kazi yake nini?"

"Kelele. Tikisa uone."

Nikamtikisa kobe, naye akalia kachakacha.

"Lakini kiwandani waliiweka kwa sababu."

"Kiwandani waliweka na mama anayeongea Kijapani kwenye redio. Umewahi kumfuata anakokwambia?"

Gereji nzima ikacheka, nami nikacheka, na jibu likapita pamoja na kicheko. Nataka mlione kosa langu lilipo. Niliuliza vizuri, nikajibiwa kwa mzaha mtamu, nikaridhika. Miaka miwili iliyofuata niliwatoa kobe gololi kwa mikono yangu, na *ting* ile ilikuwa sauti niliyoipenda.

Aliyeniamsha ni Mwalimu Kajiru wa Vudee, kiongozi wa kwaya, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga. Aliingia gereji Jumatatu moja na bandeji puani, macho yote mawili yamevimba.

"Mwalimu! Pole. Nini tena?"

"Mbuzi," alisema. "Nilikuwa nateremka taratibu. Kwenye kona akatoka mbuzi, nikakanyaga breki. Mbuzi mzima. Mimi ndiye huyu."

"Hukufunga mkanda?"

"Nilifunga, binti yangu. Ule ule uliounyoosha wewe. Ni mkanda mzuri, haubani. Ulinisindikiza mpaka kwenye usukani."

Hakuwa anakejeli. Alikuja kuomba tumwangalie breki, kwamba huenda zilikamata kwa ghafla mno. Angenipigia kelele ningejitetea. Badala yake alinishukuru kwa kiti nilichompa akakaa, akawa anapumulia mdomoni.

Nilifungua kobe wake. Kobe wengi wana kizuizi cha pili kinachokamata ukiuvuta mkanda kwa kishindo, na ndicho kilichotakiwa kumwokoa. Cha Mwalimu kilikuwa kimejaa vumbi la barabarani na hakikusogea. Kilichobaki ni kile kikombe kidogo cha plastiki, kitupu, palipokuwa na gololi. Nikachukua kobe mwingine mzima kutoka rafuni, nikamshika mkononi wima kama anavyokaa garini, nikavuta mkanda. Ukatoka. Nikamwinamisha kobe mbele. Gololi ikapanda ukingo wa kikombe, ikasukuma kiwiko kilicho juu yake, kiwiko kikang'ata meno ya gurudumu, na mkanda ukasimama kama umegongomewa msumari. Nikamwinua wima. Ukaachia. Nilifanya hivyo mara nyingi mno, kama mtu anayetumaini hesabu itabadilika.

Gololi ndiyo inayojua kwamba gari limesimama ghafla. Gari likifunga breki, yenyewe inaendelea mbele, na kwa kuendelea kwake inaufunga mkanda. Shida ni kwamba haiwezi kutofautisha breki na mteremko. Ukiliegesha gari limeinama pua, gololi imeshapanda ukingo, mkanda umefungwa. Kule milimani watu huegesha walipopata, na walipopata pana mteremko. Mikanda yao haikuwa mibovu hata siku moja. Ilikuwa ikifanya kazi asubuhi nzima, gari likiwa limezimwa, na sisi tukaiadhibu kwa bidii yake.

Fundi Eliamini amezaliwa na kukulia Maore, chini kwenye tambarare. Nadhani maishani mwake hajawahi kulala nyumba yenye uwanja ulioinama. Nasema hivyo si kumtetea. Mimi babu yangu ni wa Chome, nami sikuligundua.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo siwashauri. Nyuma ya gereji kuna mteremko unaoshuka kwenye korongo. Niliegesha pikapu yake pale, pua chini, nikamwomba apande.

"Funga mkanda, Fundi."

Akavuta. "Umegoma. Lete bisibisi."

"Subiri. Achia hendibreki, shuka nayo mpaka pale palipo sawa."

Akashuka. "Sasa?"

"Vuta."

Mkanda ukatoka. Akanitazama kupitia dirishani. "Injinia, hii ni mazingaombwe au ni digrii?"

Nikampa wale kobe wawili, mzima na mtupu, nikamwacha awainamishe mwenyewe. Yule mtupu alimwinamisha mbele, nyuma, pembeni, akamgeuza miguu juu, na kila mara mkanda ulitoka laini kama uzi wa cherehani.

"Huyu wa pili," nikasema, "anajua lini gari limesimama?"

Alivuta tena. "Hajui."

"Mwalimu Kajiru aligonga usukani na mkanda umefungwa."

"Nimesema hajui! Nimekusikia." Akanirudishia kobe wote wawili. "Watu wenyewe waliniomba, Namkunda. Walikuwa wakija hapa wakiomba."

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo. Ningependelea Injinia.

Aliingia ndani akalishusha kopo, akalimimina juu ya gunia. Tulihesabu mara mbili: gololi sitini na tatu. Hatukuwa na daftari lolote. Ukitoa gololi huandiki, kama vile huandiki kwamba umepangusa kioo. Fundi alikaa kwenye tairi akaanza kutaja watu kwa kumbukumbu, na niliandika kwenye boksi la filta. Yule wa tangawizi mwenye kofia. Padri, mikanda miwili. Mama wa duka la mbegu. Wale ndugu wa Mwembe walionunua magari yanayofanana. Alikuwa akienda vizuri, akakatika katikati ya jina.

"Gari la Upendo," akasema.

Upendo ni kitindamimba wake. Ameolewa Kighare, juu Ugweno, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi anateremka na kupanda kona zile na watoto watatu, wawili wake na mmoja wa jirani. Gari alipewa na baba yake, na kabla ya kumpa, Fundi aliligusa kila mahali ili lisimsumbue. Alibadilisha bushi za mbele, akafunga spika mpya. Mikanda minne ya pembeni, yote minne, alitoa gololi kwa mkono wake; ule wa katikati nyuma ni wa kiunoni tu, hauna kobe.

Akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena akiwa amesimama, tena akizunguka gari, tena akiwa amepanda juu ya tairi kana kwamba mtandao wa Kighare ungetokea Same akiwa juu zaidi. Mara ya sita au ya saba Upendo akapiga mwenyewe, na kwa kuwa Fundi huongea na simu kama anamwita mtu aliye Moshi, sote tulisikia.

"Baba, niko darasani. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Usiendeshe gari."

"Nini?"

"Usiendeshe. Mkanda hauna gololi."

"Hauna nini? Baba, nitarudije nyumbani?"

"Kwa miguu."

"Na watoto?"

"Nao wana miguu! Kesho nakuja."

Tulitafuta kobe wanne kabla usiku haujaingia. Hapa naomba msome polepole. Zile gololi za kopo hatukurudisha hata moja. Ukubwa unatofautiana kidogo sana kati ya gari na gari, na kikombe kilichokaa kitupu miaka mitatu kimejaa vumbi, na kiwiko kimepinda. Gololi isiyo yake itakaa pale ikilia vizuri na isifanye kitu. Tuliwatoa kobe wanne wazima kutoka kwenye gari la aina ile ile lililokufa kwa injini, si kwa ajali. Kobe aliyewahi kupita kwenye ajali ameshafanya kazi yake, mwacheni apumzike kwenye skrepa. Na wale wa magari mapya wenye waya wa njano msiwafungue kabisa. Ndani yao mna baruti ndogo ya kuuvuta mkanda. Mimi ni mtu wa kutaka kuona kila kitu kwa macho, na hiyo sijataka kuiona.

Asubuhi tulipitia Mwanga tukaanza kupanda. Tulipofika kwa Upendo ndipo nilipoona kwa nini mkanda wake ungegoma. Uwanja ulishuka kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, na gari lilizuiwa na mawe mawili chini ya matairi. Tuliwafunga kobe wanne kwa saa tatu. Nikafanya jaribio la mkononi kabla ya kumfunga kila mmoja. Nilikuwa na furaha ile mbaya ya mtu aliyethibitika kuwa sahihi.

Upendo akaingia, akakaa, akavuta mkanda. Haukutoka.

"Ndivyo unavyotakiwa," nikasema.

"Unatakiwa usifungike?"

"Kwenye mteremko, ndiyo. Ukishafika barabarani pale palipo sawa, unasimama, unafunga."

"Dada, pale palipo sawa ni wapi? Nionyeshe nami nipajue, nimeishi hapa miaka sita."

Fundi akadakia. "Upendo, ule wa kwanza ulikuwa pambo tu."

"Sawa, baba. Ule ulikuwa pambo ninalolivaa. Huu ni mkanda nisiouvaa. Umesafiri kutoka Same kuniletea upi ulio bora?"

Nimehudhuria midahalo mingi, na sijawahi kushindwa kwa ufupi namna ile. Kobe wetu walikuwa wazima, maelezo yangu yalikuwa sahihi, na kesho yake watoto watatu wangeteremka zile kona bila mkanda wowote kwa sababu mama ana haraka na darasa linaanza. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na bisibisi haikuwa na la kufanya.

Fundi aliushika ukingo wa mlango akaangalia chini kwenye shamba. Mmeliona shamba la Kipare: limekatwa matuta mapana kama ngazi, kila moja na ukuta wake wa mawe, migomba imesimama wima juu ya sehemu zilizolazwa sawa kwa jembe na watu waliokwisha kufa zamani. Mlima mzima wameulaza, kasoro pale gari linapokaa.

"Mna majembe mangapi?" akauliza.

"Matatu. Kwa nini?"

"Azima mengine."

Tulianza na watu wanne. Kufikia saa saba walikuwa kumi na mmoja, maana hakuna Mpare anayeweza kupita anapoona watu wanajenga ukuta wa mawe vibaya. Jirani mmoja alisimama juu ya njia akapaza sauti, "Mnalizika gari? Limekufa na nini?"

"Tunalitandikia kitanda," Fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Nalo linalala, kama wewe unavyolala mchana."

"Basi huo ukuta wenu utaanguka kabla halijasinzia. Sogea, mzee, lete hilo jiwe."

Akashuka akatufundisha. Jiwe kubwa chini, limelala, limeinamia mlima. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Niliweka sinia yenye maji katikati ya uwanja, nikaangalia maji yamesimama wapi ukingoni, nikasema chimba hapa, jaza pale, mpaka mama mkwe wa Upendo akasema nilikuwa nikiandaa mahali pa gari kwa uangalifu kuliko watu wanavyomwandalia bibi harusi. Alitupikia makande. Kumi na mmoja walikula kama ishirini.

Jioni, jua likiwa bado liko, gari likakaa kwenye kitanda chake. Upendo akavuta mkanda, ukatoka, ulimi ukaingia kwenye kifungio. *Tak.* Watoto nyuma wakafunga nao: tak, tak, tak. Wakafungua wakafunga tena.

Fundi akapanda siti ya pembeni ya dereva, akafunga wa kwake. "Twende mpaka njia panda. Taratibu. Nikisema breki, kanyaga."

"Baba, utaumia."

"Nikiumia nitakuwa nimejua."

Nilitembea kando ya gari, kasi yenyewe ilikuwa hiyo. "Breki!" akasema, na Upendo akakanyaga. Mkanda ukamkamata kifuani. Alikwenda mbele kiasi cha kiganja, akarudi.

Aliweka mkono juu ya mkanda mahali ulipompitia begani, akauacha pale.

"Rudia," akasema.

Walirudia mara tano. Watoto walidhani ni mchezo na wakaanza kupiga kelele za breki wenyewe. Baada ya mara ya tano aliteremka akahamia nyuma, akambeba mmoja mapajani kupata nafasi, akajaribu na mkanda wa pale. Halafu ule mwingine, kisha akashika usukani kujaribu wa dereva. Hakuridhika mpaka yote minne ilipomkamata, na aliporudi alikuwa akichechemea na kucheka. "Injinia," akaniambia, "andika: Kighare, minne." Nikaandika.

Tangu hapo ndipo tulipoanza utaratibu ambao ninyi mmeukuta. Kwa mteja wa mlimani hatubadilishi kobe bila kumwuliza gari linalala wapi, na kama linalala pameinama, anakwenda kwanza kutengeneza kitanda. Wengine wananung'unika kwamba wamekuja kwa fundi wameambiwa washike jembe. Waelezeni. Wakileta picha ya uwanja uliosawazishwa, na sinia ya maji ikiwa katikati, endeleeni na kazi.

Kuwapata wengine kulikuwa kugumu zaidi. Fundi aliandika tangazo kwa mkono wake, akalipeleka makanisani kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, na misikitini. Kanisani kwake alikataa lisomwe na katibu. Alisimama mwenyewe, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya lile la mbuzi aliyepotea, akasema: "Mimi Eliamini nilitoa gololi kwenye mikanda yenu. Nilikosea. Leteni magari." Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akauliza kama gari lake litagoma tena. "Litagoma," Fundi akasema, "na nitakufundisha kulipenda likigoma." Mwalimu Kajiru alikuwa wa kwanza kuleta. Pua yake imekaa vizuri, ingawa anadai sauti ya tatu imemtoka.

Kwenye mlango wa kabati, upande wa ndani, mtaona mistari yangu ya chaki. Nimeinakili kwenye karatasi hii kwa sababu chaki inafutika. Tumetengeneza mikanda hamsini na tisa. Bado minne. Tumewapigia wote waliokumbukwa, na wale waliouza magari yao tumewatafuta waliowauzia. Hatujui hiyo minne imetawanyika au iko pamoja. Gari dogo lina mikanda minne ya pembeni. Huenda tunalitafuta gari moja, na ndani yake baba, mama na watoto wawili, wote wamefunga.

Hawatakuja kulalamika. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote niliyoandika hapa. Atakuja mtu kubadilisha oili, mwenye vumbi jekundu la mlimani kwenye matairi, na mtaongea naye, na atasema kwa furaha kwamba mkanda wake ni mzuri ajabu, haujawahi kumgomea, hata akiegesha wapi. Msimshukuru. Chukueni ufunguo kwanza, maelezo yafuate. Akikasirika mpeni kiti na chai, kisha mmoja wenu afungue nguzo ya mlango. Na minne hiyo ikipatikana nipigieni simu, hata kama niko darasani.